Kuzima kinga za prosesa ili kompyuta irudishe spidi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wengi wanaosema "nimezima kinga za Spectre na Meltdown na mashine iko vilevile" hawajazizima. (Hizo mbili ni udhaifu wa prosesa unaoweza kuvujisha data.) Wameandika komandi, wamewasha upya, wakaendelea na shughuli zao, lakini ukiwaambia wafungue faili za kuhakiki unakuta karibu kila mstari bado unasema kinga ipo. Wengine wamezizima kweli, ila kompyuta yao ilikuwa inaelemewa na kitu kingine kabisa, labda diski ya kuzunguka, labda RAM imejaa, na hapo hata uzime kila kitu hutaona tofauti.

Kwa hiyo humu tutakaa zaidi kwenye kupima na kuhakiki kuliko kwenye kuzima kwenyewe. Kuzima ni kuandika neno moja tu. Kujua kama limeshika na kama limekusaidia, hapo ndipo watu wanakwama.

## Unazima nini hasa

Prosesa haikai ikisubiri. Ikifika sehemu ya programu yenye njia mbili inakisia upande utakaofuatwa, inaanza kazi kabisa, na ikigundua imekisia vibaya inaifuta inarudi nyuma. Shida ni kwamba ile kazi haifutiki yote, alama zake zinabaki kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), na programu yenye nia mbaya ikipima muda wa kusoma kumbukumbu inaweza kubaini data ambayo haikuruhusiwa kuiona. Meltdown na Spectre zilitangazwa Januari 2018, halafu ndugu zao wakafuatana: L1TF, MDS, Retbleed, Downfall na wengineo.

Kinga zake ziko sehemu mbili, ndani ya mfumo endeshi na ndani ya maikrokodi, yaani programu ndogo inayoiongoza prosesa kwa ndani. Gharama inalipwa hasa pale programu inapoingia kwenye keneli (kiini cha mfumo endeshi) kuomba huduma: soma faili, tuma data kwenye mtandao, anzisha programu nyingine. Kila inapoingia na kutoka kuna meza za kumbukumbu za kubadilisha, kuna bafa za kusafisha, kuna ukisiaji wa kuzuia. Programu inayoingia keneli mara laki kadhaa kwa sekunde inaumia, ila inayopiga hesabu zake yenyewe bila kuisumbua keneli haijui hata kama kinga zipo.

Shika hiyo pointi, ndiyo itakayojibu maswali mengi huko mbele.

## Nani asiendelee

Kama kompyuta ni seva inayotumiwa na watu mbalimbali, au inaendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) za watu usiowajua, acha. Hakuna mjadala hapo, hizi kinga zimetengenezwa kwa ajili ya mazingira kama hayo.

Kama ni kompyuta unayofanyia benki, unayohifadhia pasiwedi zote na pochi za sarafu za kidijitali, na hapohapo unafungua kila tovuti inayokuja mbele yako, acha pia. Watu husema mashambulizi haya ni ya maabara tu, lakini kumbuka JavaScript ya tovuti ni kodi ya mtu mwingine inayoendeshwa kwenye prosesa yako. Mwaka 2021 watu wa Google walionyesha hadharani Spectre ikisoma data kwa JavaScript ndani ya Chrome kwa kasi ya kama kilobaiti 1 kwa sekunde kwenye prosesa ya Intel ya Skylake. Ni taratibu, sawa, lakini pasiwedi sio kitu kikubwa. Brauza zina kinga zake zenyewe, kama kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake, na hizo hutazigusa humu, ila zimejengwa zikitegemea kwamba mfumo wa chini nao unafanya kazi yake.

Anayefaa kuendelea ni mwenye mashine inayofanya kazi moja inayojulikana: ya kukompaili kodi yako mwenyewe, seva ya database iliyo ndani ya mtandao wa ndani, mashine ya majaribio, kompyuta ya zamani ya gemu ambayo haina siri yoyote. Kama umeajiriwa na mashine ni ya kazini, omba ruhusa kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Haki za adimini, yaani `sudo` kwenye Linux au akaunti ya adimini kwenye Windows.
- Nakala ya data zako muhimu. Zoezi hili halifuti kitu, ila ukiharibu faili ya kuwashia kompyuta utafurahi kuwa nayo.
- Flashi yenye mfumo wa kuwashia, kwa ajili ya Linux, endapo utakosea na mashine ikagoma kuwaka.
- Kazi moja halisi ya kupimia. Sio kipimo cha kudownload, kazi unayoifanya kila siku.
- Karatasi au faili ya kuandikia namba. Usitegemee kichwa, kichwa kinapenda kuona kile kilichotamani.

## Hatua ya 1: Angalia prosesa yako na hali ya sasa

Hatua za 1 mpaka 6 ni za Linux, wa Windows wana sehemu yao huko chini. Fungua terminali uandike:

`lscpu | grep "Model name"`

halafu:

`grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*`

Hiyo ya pili ndiyo rafiki yako kwenye zoezi zima. Inatoa mstari mmoja kwa kila udhaifu, na jibu mara nyingi linakuja kwa namna tatu. `Not affected` maana yake prosesa yako haina shida hiyo, hakuna cha kuzima. `Mitigation:` ikifuatiwa na maneno maana yake kinga ipo na inafanya kazi. `Vulnerable` maana yake mlango uko wazi.

Hesabu mistari yenye `Mitigation`. Ikiwa ni miwili mitatu tu na mingine yote ni `Not affected`, unaweza kuishia hapa kwa sababu hakuna spidi ya maana ya kurudisha.

Kwa ujumla, Intel za kizazi cha 6 mpaka cha 8 ndizo zinazoumia zaidi, maana zimebeba karibu kila kitu: Meltdown, MDS, Retbleed, Downfall. Za nyuma yake nazo zinaumia, hasa za zamani sana zisizo na kile kipengele cha `pcid` kinachopunguza gharama ya kinga ya Meltdown (andika `grep -o -m1 -w pcid /proc/cpuinfo` uone kama unacho). AMD haikuguswa na Meltdown kabisa, lakini vizazi vyake vya Zen ya kwanza mpaka Zen 2 vina Retbleed, na Retbleed sio mchezo, waliogundua wenyewe kule chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walipima gharama ya kinga yake kati ya asilimia 14 na 39.

Prosesa mpya ni habari tofauti kabisa. Nyingi zimerekebishwa ndani ya silikoni yenyewe, na kuna kesi inayoshangaza watu: Ryzen 7000 zilipotoka 2022 vipimo vilivyochapishwa vilionyesha baadhi ya kazi zinakuwa taratibu zaidi kinga zikizimwa. Kwa hiyo mwenye mashine mpya ambaye amekuja hapa kutafuta fremu mbili tatu za gemu, nakushauri ufunge ukurasa ukaangalie joto la mashine na kadi ya michoro.

Dalili ya kufanikiwa: una orodha ya mistari umeihifadhi kwenye faili. Fanya hivi:

`grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/* > ~/kabla.txt`

## Hatua ya 2: Pima kabla hujagusa chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu halafu baadaye anabaki kusema "nahisi iko fasta". Kuhisi sio kipimo.

Anza na kipimo cha makusudi, kinachoisumbua keneli kwa nguvu zote na hakihitaji kuinstoo kitu:

`dd if=/dev/zero of=/dev/null bs=1 count=5000000`

Komandi hii inasoma baiti moja, inaandika baiti moja, mara milioni 5, na kila kusoma na kila kuandika ni safari ya kwenda keneli na kurudi, kwa hiyo ni safari milioni 10. Mwishoni inakuandikia sekunde ilizotumia. Iendeshe mara tatu, andika namba ya katikati. Hapa ndipo gharama ya kinga inaonekana ikiwa uchi, na tofauti utakayoiona baadaye itakuwa kubwa kuliko utakayoiona kwenye kazi halisi, kwa hiyo usije ukaitangaza kama ndio spidi uliyoipata.

Kisha pima kazi halisi. Kama unakompaili, weka `time` mbele ya komandi yako ya kukompaili. Kama kazi yako ni faili ndogondogo nyingi, jaribu kuzikusanya:

`time tar cf - folda_yako | cat > /dev/null`

Hiyo `cat` usiitoe. Ukimwambia `tar` aandike moja kwa moja kwenye `/dev/null` anajua matokeo yanatupwa, basi hasomi hata yaliyomo kwenye faili, na utapata namba nzuri sana isiyo na maana yoyote. Mara ya kwanza usiihesabu maana diski inasoma upya, hesabu kuanzia ya pili ambapo faili ziko tayari kwenye RAM.

Laptopu ichomekwe kwenye umeme, brauza ifungwe, usubiri ipoe. Laptopu iliyo kwenye betri inajipunguzia spidi yenyewe na utaishia kupima betri.

Kama wakati wa kazi yako halisi ukifungua `top` unaona prosesa imekaa bila kazi na namba ya `wa` iko juu, simama hapohapo. Kompyuta inasubiri diski, na hakuna kinga ya prosesa inayohusika. Weka SSD, ndio jibu lako.

## Hatua ya 3: Zima kwa kuwasha mara moja tu

Usianze kwa kubadilisha faili za mfumo. GRUB, ile programu ndogo inayowasha Linux, inakuruhusu kujaribu mara moja, ukizima na kuwasha kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, kwa hiyo hata ukikosea hakuna hasara.

Washa upya. Shikilia Shift kama mashine inatumia BIOS ya zamani, au bonyezabonyeza Esc kama ni UEFI, mpaka menyu ya GRUB itokee. Mfumo wako ukiwa umechaguliwa, bonyeza `e`. Itafunguka edita yenye mistari mingi, shuka mpaka mstari unaoanza na neno `linux`, bonyeza End ufike mwisho wake, acha nafasi moja, andika:

`mitigations=off`

Ni `mitigations`, ina s mwishoni. Ukiisahau hiyo s keneli haigomi, inawaka kawaida na kinga zako zote zikiwepo, na hilo peke yake linaeleza malalamiko mengi kweli. Jingine la kuangalia, ndani ya GRUB kibodi mara nyingi inakuwa kwa mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo kama kibodi yako ni ya mpangilio mwingine alama ya `=` inaweza kuwa imehamia sehemu nyingine.

Bonyeza Ctrl na X, au F10, iwake.

Neno hilo moja limekuwepo tangu Linux 5.2, na baadhi ya matoleo ya muda mrefu ya nyuma yake yaliongezewa. Linazima kwa mpigo vile ambavyo zamani ulikuwa unaviandika kimoja kimoja: `nopti`, `nospectre_v2`, `mds=off`, `l1tf=off`, `retbleed=off` na kundi lote.

## Hatua ya 4: Hakiki kwamba imeshika

Kwanza angalia kama keneli imelipokea neno lako:

`cat /proc/cmdline`

Lazima ulione `mitigations=off` humo. Hulioni, rudi hatua ya 3, hakuna haja ya kuendelea.

Kisha rudia ile komandi ya orodha ya udhaifu, ulinganishe na `kabla.txt`. Meltdown inatakiwa iseme `Vulnerable`. Mds inatakiwa iseme `Vulnerable`, pengine na maneno ya ziada kuhusu SMT (kiini kimoja cha prosesa kufanya kazi mbili kwa pamoja). Spectre_v2 nayo `Vulnerable`, ikifuatiwa na vitu kama `IBPB: disabled, STIBP: disabled`.

Sasa kuna mistari inayowachanganya watu mpaka wanadhani wamefeli.

Mstari wa `l1tf` unaweza kubaki na `Mitigation: PTE Inversion`. Hiyo ni kawaida. Ile ni mbinu ya kugeuza anwani ambayo gharama yake ni karibu na sifuri, keneli haiitoi hata ukiiomba. Kinachozimwa ni sehemu ya mashine pepe, na ndio maana mbele yake unaweza kuona `VMX: vulnerable`.

Mstari wa `spectre_v1` utasema `Vulnerable` lakini utaongeza maneno marefu, `__user pointer sanitization and usercopy barriers only; no swapgs barriers`. Maana yake baadhi ya vizuizi vimeandikwa ndani ya kodi ya keneli yenyewe, vilikompailiwa humo, haviondoki kwa neno la kuwashia. Usihangaike kuvitafutia dawa, gharama yake ni ndogo.

Mistari ya `Not affected` itabaki vilevile milele. Huwezi kuzima kinga ya ugonjwa ambao huna.

Na wewe unayefanya haya ndani ya mashine pepe au seva ya kukodi, ujue unazima upande wako tu. Mashine mama inaendelea na kinga zake, hiyo gharama utaendelea kuilipa na huna namna.

## Hatua ya 5: Pima tena, halafu uamue kwa namba

Endesha vipimo vilevile, kwa mpangilio uleule, mashine ikiwa kwenye umeme uleule. Namba ya `dd` ikiwa imeshuka vizuri lakini kazi yako halisi imebaki palepale, umepata jibu: kinga zilikuwa zinagharimu kweli, ila sio wewe unayelipa. Hapo ushauri wangu ni uzime na kuwasha tu, kinga zirudi, usahau habari hii. Kuacha mlango wazi kwa faida ya namba isiyokugusa ni hasara tupu.

Mimi mstari wangu ni kama asilimia 10 kwenye kazi halisi. Chini ya hapo sihangaiki. Wewe unaweza kuwa na mstari wako, lakini uweke kabla hujaziona namba, sio baada.

Kazi zinazopata faida kubwa ni database zenye maombi madogomadogo mengi, kukompaili miradi mikubwa, seva za mtandao, na kitu chochote kinachoanzisha michakato mingi ya muda mfupi kama skripti ndefu za shell. Kubadilisha fomati ya video, kurenda picha za 3D, hesabu za kisayansi, hizi mara nyingi hazisogei, isipokuwa pale Downfall inapoingia, na hilo nalieleza sasa hivi.

## Njia ya kati ambayo watu hawaijui

Sio lazima uzime vyote. Kwa mtu wa kawaida naona hii ndiyo njia ya busara zaidi: tafuta kinga moja inayokula spidi yako, shughulika nayo, nyingine ziache.

Mwenye Intel ya kizazi cha 6 mpaka cha 8, angalia mstari wa `spectre_v2` kwenye `kabla.txt`. Ukiona `IBRS`, hiyo imewekwa kwa sababu ya Retbleed na ni nzito. Badala ya `mitigations=off`, jaribu:

`retbleed=stuff`

Hii haizimi, inabadilisha kinga nzito kwa nyepesi inayofuatilia kina cha miito ya kodi. Ipo kuanzia Linux 6.2 kama keneli yako ilijengwa nayo. Ikishika, mstari wa `retbleed` utasema `Mitigation: Stuffing`. Unarudisha sehemu nzuri ya spidi na bado una ulinzi. Ikigoma, `retbleed=off` inaondoa IBRS na kuiacha `spectre_v2` irudi kwenye `Retpolines`, ambayo ilikuwa kinga ya kawaida kabla ya 2022.

Downfall ni tofauti. Inagusa Intel za kizazi cha 6 mpaka cha 11, na kinga yake iko kwenye maikrokodi, inapunguza kasi ya maelekezo ya AVX yanayokusanya data kutoka sehemu tofauti za kumbukumbu. Mtumiaji wa kawaida haoni kitu, lakini kwa baadhi ya kazi nzito za hesabu Intel yenyewe ilisema gharama inaweza kufika asilimia 50. Kama kazi yako ni hiyo na mashine ni yako peke yako, jaribu `gather_data_sampling=off` peke yake, upime.

Kitu ambacho ningekiacha cha mwisho kabisa kuzima ni kinga ya Meltdown. Ndiyo rahisi kuliko zote kuitumia kwa shambulizi, maana programu ya kawaida isiyo na haki yoyote inasoma kumbukumbu ya keneli moja kwa moja.

## Hatua ya 6: Fanya iwe ya kudumu

Umepima, umeridhika, sasa ndio unaandika kwenye faili. Hapa chini natumia `mitigations=off`, weka neno lako ulilochagua.

Kwenye Ubuntu, Debian, Mint na ndugu zao, chukua nakala kwanza:

`sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.zamani`

`sudo nano /etc/default/grub`

Tafuta mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` na uongeze neno ndani ya alama za nukuu, ukiacha nafasi baada ya lililotangulia:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash mitigations=off"`

Hifadhi, kisha:

`sudo update-grub`

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ile faili uliyoiandika haisomwi wakati kompyuta inawaka, inasomwa na `update-grub` ambayo ndiyo inatengeneza menyu yenyewe. Usipoiendesha ni kama hujafanya kitu.

Na ukikopi mistari hii kupitia simu, angalia nukuu. Simu zinapenda kubadilisha nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda na faili haitaelewa.

Fedora haihitaji hiyo faili, komandi moja inatosha:

`sudo grubby --update-kernel=ALL --args="mitigations=off"`

Arch yenye GRUB inafuata njia ya Ubuntu ila inamalizia na `sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg`. Anayetumia systemd-boot anaongeza neno kwenye mstari wa `options` ndani ya faili za `loader/entries`, na Pop!_OS ni `sudo kernelstub -a mitigations=off`.

Washa upya, rudia hatua ya 4 yote. Yote, sio nusu.

## Kwa wa Windows

Windows haina neno moja la kuzima kila kitu. Ina thamani mbili kwenye rejistri (ghala la mipangilio ya Windows) ambazo Microsoft wenyewe wameziandika kwenye maelekezo yao, na zinashughulika na Meltdown, aina ya pili ya Spectre (ile `spectre_v2` ya Linux) na MDS. Faida unayoipata kwa kawaida ni ndogo kuliko upande wa Linux, kwa hiyo punguza matarajio.

Fungua Command Prompt kama adimini. Kwanza angalia kama thamani tayari ipo:

`reg query "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management" /v FeatureSettingsOverride`

Ikisema haijapatikana, uko kwenye hali ya kiwandani, andika hivyo kwenye karatasi yako. Ikitoa namba, andika namba hiyo, na uulize nayo `FeatureSettingsOverrideMask`. Kuna watu wanahifadhi faili ya `.reg` wakidhani wakiirudisha kila kitu kinarejea, hapana, kuirudisha hakufuti thamani mpya ulizoongeza.

Sasa zima:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management" /v FeatureSettingsOverride /t REG_DWORD /d 3 /f`

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management" /v FeatureSettingsOverrideMask /t REG_DWORD /d 3 /f`

Lazima ziwe mbili. Moja inasema unataka nini, nyingine inasema ni vipengele gani viguswe, ukiweka moja haifanyi kazi.

Chagua Restart. Usichague Shut down halafu ukawasha, kwa sababu Windows ikiwa na ule uwashaji wa haraka haiizimi keneli kabisa, inailaza, na ukiwasha inaamka ileile ya zamani na kinga zake. Watu wanapoteza siku nzima hapo.

Kuhakiki, fungua PowerShell kama adimini:

`Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope Process`

`Install-Module SpeculationControl`

`Import-Module SpeculationControl`

`Get-SpeculationControlSettings`

Tafuta mstari wa `branch target injection mitigation is enabled` na wa `kernel VA shadow is enabled`. Vyote viseme `False`. Kwenye AMD huo wa pili hauna maana, maana Meltdown haikuwahusu.

Angalizo moja, usichanganye haya na ule ulinzi wa Memory Integrity wa Windows 11. Ule ni kitu kingine, unatumia teknolojia ya mashine pepe, na kwenye prosesa za zamani unakula spidi kwelikweli. Mara kadhaa mtu anayelaumu Spectre, mwizi wake halisi ni huyo. Uko ndani ya Windows Security, sehemu ya Core isolation, na kuuzima nako kuna hatari zake.

## Kurudisha kinga

Linux: ondoa neno ulilongeza, endesha `sudo update-grub`, washa upya. Fedora ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="mitigations=off"`, Pop!_OS ni `kernelstub` ileile ila na `-d` badala ya `-a`. Kama mashine imegoma kuwaka kwa sababu uliharibu mstari, ingia kwenye menyu ya GRUB, bonyeza `e`, rekebisha hapohapo, ikiwaka urudishe ile nakala ya `grub.zamani`.

Windows, kama ulikuwa kwenye hali ya kiwandani, futa thamani zote mbili:

`reg delete "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management" /v FeatureSettingsOverride /f`

`reg delete "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management" /v FeatureSettingsOverrideMask /f`

Halafu Restart, na uendeshe tena kile kipimo cha PowerShell.

Apdeti za keneli hazifuti neno lako la kuwashia, kwa hiyo udhaifu mpya ukitangazwa na kinga yake ikaja, `mitigations=off` kwa kawaida itaizima na hiyo bila kukuuliza. Kila ukipata keneli mpya linganisha orodha mpya na `kabla.txt`, na ukiona jina ambalo halikuwepo, lisome kwanza ni la nini kabla hujaamua kuendelea hivyohivyo.